Uliza Makanika: Pua Chini, Mkia Juu

Mwezi huu meseji za pikapu zimenijaa na karibu zote zinauliza kitu kimoja, venye mtu anaweza kuinua mbele ya gari isikae imeinama bila kuharibu uwezo wake wa kuvuta. Nimezipanga pamoja. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu kuliko swali, ya tatu mtu angejibiwa akiwa amesimama stage.

SWALI: Fundi, heshima yako. Mimi nafanya biashara ya tenti na viti hapa Utawala, harusi, matanga, ruracio, mahali popote watu wanakaa chini. Niko na D-Max dabo kebini ya 2016, 4x4, springi zake sijawahi guza. Shida ni venye inasimama, mbele imeinama nyuma iko juu kama mbuzi anakunywa maji mtoni, na mabeste wananicheka. Kuna fundi hapa Eastern Bypass amesema ataniwekea spesa mbele, kale kapande ka chuma ka kuinulia gari, nipate inchi mbili, ama kama pesa ni shida atoe jani moja la springi kila upande huko nyuma ishuke, hio ya pili ni elfu chache tu. Naogopa juu karibu kila wikendi navuta trela, mara Machakos mara Murang'a, juzi Naivasha. Trela nilichomelewa hapa jua kali, ekseli moja, haina breki, ikijaa ilipimwa kwa mizani ya yadi ya skrapu ikasoma kilo 1,350. Nimepima gari pia, kutoka katikati ya habu ya tairi hadi ukingo wa madgadi, ikiwa tupu mbele ni sentimita 48, nyuma 53 na nusu. Nikiisawazisha itavuta bado? – Mwenye Tenti, Utawala

JIBU: Bosi, kwanza asante kwa kupima. Wengi hunitumia picha ya gari imepakiwa kwa mteremko alafu wananiuliza kama imeinama.

Hio sentimita tano na nusu unayoonea aibu uliwekewa makusudi. Kiwanda kinajua pikapu ni punda, itabebeshwa tu, na ikibebeshwa ni nyuma itashuka, kwa hivyo wanaiacha nyuma juu ndio ikishapata mzigo ikae sawa. Sasa wewe unaiangalia siku ya Jumatatu ikiwa imelala tupu kwa geti unaona kasoro. Ndio maana nilikupigia simu nikakuomba uipakie kama ya Jumamosi, ufunge trela, vijana wakae ndani, alafu upime tena palepale kwa sakafu ileile. Ukanitumia mbele 49, nyuma 48 na nusu. Hebu ziangalie tena hizo namba. Nyuma imeshuka sentimita tano, mbele imepanda moja, gari imejisawazisha yenyewe bila kulipa mtu hata shilingi, na pua ikabaki juu nusu sentimita.

Ongeza hapo inchi mbili za jamaa wa bypass, yaani kama sentimita tano. Ikiwa tupu utapata 53 mbele na 53 na nusu nyuma, picha safi sana ya kuweka status. Jumamosi ukifunga trela itakuwa 54 mbele na 48 na nusu nyuma, imekalia mkia kama mbwa anangoja mfupa, taa zinapiga mawingu, na shingo ya trela imevutwa chini.

Sasa mbona mbele inapanda na mzigo uko nyuma? Juu taubaa, ile chuma ya nyuma ya gari ya kufungia trela, haiko juu ya ekseli, iko nyuma yake, na ekseli ya nyuma inakuwa kama ile chuma ya katikati ya bembea ya watoto. Tuseme shingo ya trela inalalia taubaa na kilo 150, na kutoka ekseli hadi kile kichwa cha kufungia trela ni mita 1.2. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwa D-Max yako ni karibu mita 3.1. Piga hesabu, 150 mara 1.2 gawanya kwa 3.1, unapata kilo 58. Hizo 58 zinatolewa kwa tairi za mbele na kuhamia nyuma, kwa hivyo ekseli ya nyuma haibebi 150, inabeba 208. Na tairi za mbele ndio zinakata kona na ndio zinafanya kazi kubwa ya breki.

Niseme ukweli hapa, juu kuna watu huandika ati kuinua mbele kunaondoa uzito kwa stering. Hizo kilo 58 zingeondoka hata kama haujaguza kitu, kuinua mbele kwa inchi moja au mbili hakubadilishi hesabu sana. Chenye kinabadilika ni mahali mikono ya sasipenshoni, zile chuma zinashika tairi, inakaa. Spesa ziko aina mbili. Kuna ile inakaa ndani, inabana koili (springi ya mviringo ya mbele), hio inakula nafasi ya tairi kushuka, ukipita shimo tairi inafika mwisho mapema, unaskia "ngo!" na kwa sekunde hio tairi imeelea. Kuna ile inakaa juu ya shokabsoba, hio haigusi koili lakini inasukuma mikono yote chini, boljointi (viungo vya hio mikono) na CV (viungo vya shafti inayozungusha tairi) zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyoundwa. Gari tupu ya kwenda ofisi itavumilia zote mbili. Gari yenye trela inavuta mkia chini na kurusha pua juu kila tuta, na Nairobi matuta hayaishi, haivumilii vizuri.

Haya mambo nimeyaonja. Kuna pikapu ya rafiki yangu niliwahi kuinua mbele inchi mbili kamili nikiwa na kiherehere cha ujana, alafu tukapakia jenereta mwisho kabisa wa bodi, karibu na mlango, na trela nyuma, tukashuka Mai Mahiu usiku. Kila lori ilikuwa inatupiga fuli tukidhani madereva wana kiburi, kumbe sisi ndio tulikuwa tunawachoma macho. Tulipofika zile kona karibu na kanisa dogo la Wataliano nilikuwa nazungusha stering naiskia nyepesi kama ya gari la kuchezea, nikashuka gia ya pili nikabaki huko mpaka chini. Asubuhi yake nilitoa spesa mwenyewe, sikungoja kuambiwa.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mbele panda inchi moja tu, sentimita mbili na nusu, usizidishe. Tupu utakaa 50 na nusu kwa 53 na nusu, bado imeinama kidogo lakini mbuzi ameshainua kichwa. Kama mfuko unaruhusu weka koili mpya za urefu huo pamoja na shokabsoba zinazolingana nazo, ni bei lakini gari inatembea vizuri. Kama ni spesa ya juu ya shokabsoba, sikiza hapa juu hapa ndio watu huumizwa. Shokabsoba ya mbele imeshika mkono wa chini karibu katikati, haijashika kwa tairi, kwa hivyo spesa ya milimita 12 inainua gari karibu 25. Mara mbili. Zile spesa za alumini zinachongwa kwa leth huko Kirinyaga Road ni safi tu lakini muulize fundi wako swali moja, "hizi inchi mbili ni za spesa ama ni za gari?" Akibabaika chukua funguo zako uende, juu akikuwekea spesa ya inchi mbili utapanda karibu nne, na CV zako hazimalizi mwaka.

Akimaliza, zile bolti za boshi (raba za viungo) za mikono ya chini zisikazwe gari ikiwa imening'inia kwa jeki. Ishushwe chini, isimame na uzito wake, ndio zikazwe. Ukizikaza ikining'inia boshi inashikwa ikiwa imejipinda, alafu baada ya miezi michache unaanza kuskia kelele na unalaumu spea feki. Kutoka hapo peleka alaimenti siku hiyohiyo, juu ukiinua mbele tairi zinabadilisha venye zinaangalia na zitaliwa upande mmoja. Taa zirekebishwe pia, na ukitembea kama kilomita 500 rudi bolti ziangaliwe tena.

Ile ya kutoa jani la springi, hapana. Hio nisingemruhusu hata akinifanyia bure. Kila jani lina mzigo wake, ukitoa moja yaliyobaki yanagawana kazi yake, nyuma inakuwa laini, na ule mzigo wa Jumamosi wenye ulikushusha sentimita tano utakushusha zaidi. Utakuwa umeokoa elfu chache, alafu jani kuu livunjike Kyumvi saa tano usiku na bibi harusi anangoja viti asubuhi.

Nyuma ongeza msaada wa siku za trela tu. Kuna majani ya helpa yenye hayaguzi mpaka mzigo ufike, na kuna zile bagi za hewa zinakaa kati ya ekseli na chasisi, unajaza upepo ukifunga trela na unapunguza ukifungua. Kwa kazi yako ningechukua bagi. Nyuma ikirudi juu kama sentimita tatu utakuwa 51 na nusu kwa karibu hio hio mbele, imelala sawa kama meza. Lakini jaza mpaka irudi pale ilipotakiwa, usijaze mpaka matako yainuke. Springi za majani hushika chasisi mbele na nyuma, bagi inasukuma sehemu moja katikati, na huko Australia dabo kebini kadhaa zimepinda chasisi juu mtu alijaza bagi akadhani ameongezewa tani. Hajaongezewa kitu. Bagi, helpa, koili mpya, hakuna hata moja inabadilisha uzito ulioandikwa na kiwanda. Vijana watano kwa kilo 70 ni 350, jenereta na spika tuseme 250, shingo ya trela 150, tayari uko 750 kwa gari yenye uwezo wa karibu tani moja, na bado mtu atakuambia "weka hizi viti kumi hapo juu".

Shingo ya trela usikisie. Ipeleke kwa huyohuyo mwenye skrapu, weka shingo peke yake kwa mizani ikiwa urefu uleule inakaa ukifunga kwa gari, tairi za trela zikiwa chini kwa sakafu sawa. Lenga kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela, yako ni kilo 135 hivi. Wamarekani wao huenda kati ya 10 na 15 kwa mia, huku kwetu kitabu cha gari mara nyingi kinakuambia usipite 10. Ikiwa ndogo sana trela inaanza kutingisha mkia ukifika 80, ikiwa kubwa sana ndio zile kilo za mbele zinahama. Unairekebisha kwa kusogeza mzigo tu, nguzo za tenti ndio nzito, hizo ziwe mbele ya ekseli ya trela kidogo, viti nyuma.

Sasa jambo lenye haukuniuliza. Trela ya kilo 1,350 bila breki. Hizi pikapu kubwa zikitajwa ati zinavuta kilo 3,500, hio ni trela yenye breki zake. Isiyo na breki kwa nyingi ni 750, angalia kitabu chako. Wewe umekaribia mara mbili, na umekuwa ukishuka nayo Naivasha. Kabla ya spesa, kabla ya bagi, chukua hio pesa uweke ekseli yenye breki za kusukumwa, zile trela ikikusukuma unaposhika breki shingo inaingia ndani na kuzivuta zenyewe. Mbuzi akae vile amekaa mpaka hio iishe.

SWALI: Hujambo fundi. Nina Hilux ya 2003, 4x4, nafuga ng'ombe Ruai na navuta katrela kadogo ka nyasi na maziwa. Mwaka jana ilikuwa inakaa chini nyuma, tukaongezewa majani mawili kila upande. Ikapanda nyuma ikainama mbele, fundi akakaza bolti fulani chini ya gari mbele ikapanda pia. Sasa inaruka kama trakta na mvua ikinyesha nikishika breki naona kama ni mbele tu inashika, nyuma hakuna kitu. Breki zimefunguliwa mara mbili wanasema ziko sawa. – Mama Maziwa, Ruai

JIBU: Mama, shikamoo, na pole na hio gari. Breki zenyewe zinaweza kuwa sawa kabisa, na bado una shida.

Lala chini uangalie juu ya ekseli ya nyuma, ama mwambie kijana alale wewe usichafuke. Hilux nyingi za miaka hio ziko na kavalvu kameshikwa kwa chasisi, na kutoka hapo kuna fimbo nyembamba imeenda kushika ekseli. Kazi ya hako kavalvu ni kuangalia nyuma imeshuka kiasi gani. Ikiwa imeshuka kanajua kuna mzigo, kanaachilia breki nyingi nyuma. Ikiwa juu kanadhani gari ni tupu, kanapunguza breki za nyuma ndio zisishike zikateleza. Sasa wewe umeongeza majani manne, gari inabeba nyasi na maziwa na bado nyuma haishuki, kavalvu kanaona gari tupu kila siku ya Mungu. Kazi yote ya breki inafanywa na mbele.

Fimbo ina mahali pa kurekebishia. Tafuta fundi mwenye anakajua hako kavalvu kwa jina, sio mwenye atakuambia "hiyo tunatoanga". Akikaondoa na kuunganisha paipu moja kwa moja, nyuma itapata breki zote hata ukiwa tupu na siku ya mvua matako yatakupita kwa barabara.

Ile bolti ya mbele ni ya tosheni baa. Gari yako haina koili mbele, ina fimbo ndefu inajipinda, na ukikaza bolti inainuka. Fimbo haijawa ngumu zaidi, ila umeisogeza mpaka tairi inakaa karibu na mwisho wa kushuka, kwa hivyo kila shimo inagonga stopa. Ndio huko kuruka. Mwambie aweke alama ya rangi kwa kila bolti, alegeze zamu mbili kila upande, uendeshe, apime, alegeze tena kama bado. Na majani, kwa katrela kadogo, toa moja kila upande kati ya yale mawili ulioongeza. Najua nimemaliza kumwambia jamaa wa Utawala asitoe, lakini yake ni ya kiwanda, yako ni ya fundi. Mkimaliza kutoa, fimbo ya kavalvu irekebishwe tena.

SWALI: Niaje makanika, badala ya spesa siwezi weka tairi kubwa tu ndio Ranger yangu ikae flati? – Kijana wa Rongai

JIBU: Tairi kubwa zinainua mbele na nyuma sawa, kwa hivyo pua inabaki chini vilevile, tofauti ni kwamba sasa imeinama ikiwa mbali zaidi na lami. Alafu ukivuta kitu kupanda Limuru utajua gia zimekuwa ndefu, speedomita itakudanganya, na breki zitakuwa na tairi nzito zaidi za kusimamisha. Kama unapenda tairi, weka juu unazipenda.

SWALI: Fundi, binamu yangu yuko Texas, ana Ford F-150 ameinua mbele na bado anavuta nyumba ya magurudumu. Anasema siri ni zile vyuma viwili vya springi vinafungwa kati ya gari na trela vinarudisha uzito mbele. Anataka kunitumia seti. Nimwambie sawa? Trela yangu ni ya kubeba mashine ya mjengo, tani moja na kitu, nimechongewa Kariobangi. – Mjengo, Kasarani

JIBU: Binamu hajakudanganya. Vile vyuma vikikazwa vinainua mahali trela imeshikana na gari, na zile kilo zilizohama kutoka tairi za mbele zingine zinarudi. Na kama ameinua mbele lazima alivipima upya, juu ukikaza kwa vipimo vya zamani unapata hesabu ya gari lingine.

Lakini vinataka trela yenye shingo ya herufi A, na yako kama ni ya Kariobangi nadhani ni bomba moja la mraba limenyooka, haina mahali pa kuvishika. Vinataka pia taubaa iliyotengenezwa kuvumilia kupindwa hivyo, sio ile imefungwa kwa bolti nne. Na tani moja na kitu bila breki, hizo vyuma hazitakusaidia kusimama. Mwambie asitume seti, atume pesa ya ekseli yenye breki.